Fundi Ajibu: Diski inayolia, radi ya Kisii na flashi ya uongo

Mvua zimeanza na simu yangu imejaa maswali ya diski. Hapa Kondele stima imepotea mara mbili tangu nianze kuandika, kwa hiyo najibu haraka haraka kabla ya ya tatu.

Fundi, nina saiba hapa Luanda. Kompyuta zangu nne za mtumba huchukua dakika saba kuwaka, na Windows inaonyesha diski iko asilimia 100 hata kabla sijafungua kitu. Jirani ananiambia niwe nazipanga upya diski kwa defragi kila wiki. Ni kweli?

Jirani hajakosea sana, ila dawa aliyokupa ni ya ugonjwa mwingine. Nakisia kompyuta zako zina diski ngumu za zamani. Ndani yake mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokimbia huku na huku ukitafuta vipande vya faili. Kila safari ya mkono huo ni kama milisekunde 10. Ni muda mdogo, mpaka ukumbuke kwamba Windows ikiwaka huomba maelfu ya faili ndogo zilizotapakaa kila pembe. Defragi hukusanya vipande vya faili pamoja, lakini Windows huifanya yenyewe kwa ratiba kila wiki. Ukirudia wewe, unauchosha mkono bure.

Weka SSD, yaani diski ya chipu. Haina sahani wala mkono, na ile ya kawaida ya SATA (inayochomekwa palepale pa diski ngumu) husoma takriban MB 500 kwa sekunde, wakati diski uliyo nayo inahema kufika 100. GB 240 zinatosha saiba. Usinunue nne kwa mpigo: nunua moja, hamishia Windows nzima kwa programu ya kunakili diski, na uitie kwenye mashine inayokuaibisha zaidi. Utajua tofauti siku ile foleni ya ritani za KRA, mamlaka ya kodi, inapofika mlangoni, Juni 30 jioni.

Tazama RAM pia, ile kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi. Mashine ya GB 2 ikizidiwa hukopa nafasi kwenye diski, na deni hilo ndilo unaloliona kama asilimia 100. Na zile programu za "kusafisha kompyuta" ulizopakua, zing'oe zote. Mara nyingi nimezikuta ndizo zinazoila hiyo diski.

Mimi ni mwanafunzi Maseno. Laptopu yangu ina SSD ya GB 250. Wenzangu wananitisha kwamba kila nikiandika faili naipunguzia maisha.

Wanasema kweli, lakini piga hesabu. Samsung 870 EVO ya GB 250, kwa mfano, ina dhamana ya kuandikwa TB 150. Hata ukiandika GB 20 kila siku, na si rahisi kwa mtu wa insha na sinema, utahitaji miaka 20 kuzimaliza. Utakuwa umestaafu laptopu tatu.

Hofu yako iwe kujaza. SSD iliyojaa hadi ukingoni haina pa kupangia data yake, hivyo huzubaa. Acha asilimia 15 hivi wazi. Anza na folda ya vitu ulivyopakua, kisha pipa la taka ambalo hakuna anayekumbuka kulimwaga. Defragi usiiguse. Kwa SSD, Windows hutumia amri iitwayo TRIM, inayoiarifu diski ni nafasi zipi hazina kazi tena.

Mwalimu mkuu, Kisii: Stima hupotea na kurudi mara tano kwa siku, na mchana radi hupiga. Maabara yetu imepoteza diski mbili muhula huu. Ni bahati mbaya?

Mwalimu, hiyo si bahati. Stima ikikatika katikati ya kuandika, faili hubaki nusu, na orodha ambayo diski hutumia kujua nini kiko wapi inaweza kuvurugika. Ikirudi, mara nyingi hurudi na kishindo cha volti, na hicho ndicho kiuaji cha vifaa. Kila kompyuta ya mezani iwe na UPS, ile betri inayoishika mashine stima ikipotea, hata ndogo ya dakika kumi. Kazi yake si kuendeleza somo, ni kumpa mwanafunzi muda wa kuhifadhi na kuzima taratibu. UPS ambayo betri yake imekufa ni tofali tu, kwa hiyo chomoa waya wa ukutani mara moja kila muhula muone kama itashika.

Kwa radi hakuna UPS itakayokuokoa. Mawingu yakijikusanya, zimeni na mchomoe, pamoja na waya wa intaneti, maana radi hupitia huko vilevile. Mashine iliyozimika vibaya, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika chkdsk C: /f, ukubali ikague itakapowaka tena.

Niko Nakuru, na jina lenyewe wanasema maana yake ni vumbi. Linaingia kwenye diski?

Haliingii. Diski ngumu imefungwa, na katundu kake kadogo ka kupumulia kana chujio. Vumbi hukaba feni, joto hupanda, na diski inaiva pamoja na vingine. Diski ngumu nyingi hazitakiwi kupita nyuzi 60. Toa mashine sakafuni, ipulize nje ya nyumba kila baada ya miezi mitatu, na ushike feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Laptopu juu ya godoro ni kosa la Nakuru na la kila mji.

Mwanangu fundi, nina duka la jumla karibu na soko la Kibuye. Kompyuta ya mahesabu imeanza kutoa mlio, tik, tik, kisha inaganda. Niikague kwa hiyo chkdsk?

Usithubutu, mama. Izime sasa hivi, usiiwashe tena ili "uone kidogo". Mlio huo ni mkono wa diski unaotafuta njia na kuikosa, na kila dakika ya kuwaka unaweza kuwa unakwaruza sahani zenye madeni ya wateja wako.

Nakueleza haya nikiwa na doa langu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nililetewa diski inayolia hivyo, yenye picha za harusi. Nikajifanya mjuaji, nikaamuru chkdsk /r, ile inayosoma kila sekta, yaani kila kipande kidogo cha diski. Ilikesha ikisoma. Asubuhi haikutambulika kabisa. Wenyewe walinisamehe, lakini tukikutana njiani mimi ndiye ninayetazama chini.

Cha kwanza ni kuokoa, ukarabati baadaye. Fundi aitoe, aiunganishe kwenye mashine nyingine, anakili mahesabu kwanza na mengine yafuate. Ikiwa haitambuliki hata huko, na madeni ni makubwa, wapelekee wanaofufua data kwa vifaa maalumu. Atakayeifungua kwa bisibisi mbele yako mnyang'anye. Na ule ushauri wa kuitia diski kwenye friji ili ifufuke ni hadithi.

Kwa mashine ijayo, weka CrystalDiskInfo, programu inayopima afya ya diski. Ni ya bure. Bluu ni salama. Ikigeuka njano, hasa kwenye mistari ya sekta zilizohamishwa au zinazosubiri, nunua diski nyingine wiki hiyohiyo. Ila zipo diski zinazokufa bila kuaga, kwa hiyo nakala ya mahesabu iwe kwenye flashi kila jioni, na flashi hiyo ilale nyumbani, isilale dukani.

Busia: Nimeuziwa flashi ya TB 2 kwa bei ya sahani ya samaki. Ninakili faili, baadaye hazifunguki.

Umeuziwa GB chache zilizodanganywa zijiite TB 2. Ijaribu kwa programu ya H2testw, itakuambia ukweli wake. Usimwekee mtu nakala humo.

Nauza kompyuta ya ofisi yetu Kakamega, ina skani za vitambulisho vya watu. Nimefomati. Inatosha?

Kufomati kwa haraka huchana orodha tu, kurasa zinabaki. Na vitambulisho hivyo vinalindwa na Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019. Diski ngumu ifomati tena ukiondoa alama ya haraka. Windows itaiandika sifuri mwanzo hadi mwisho, na inaweza kuchukua saa kadhaa. SSD tumia programu ya mtengenezaji yenye amri ya kufuta kabisa. Au baki na diski, uuze mashine bila diski. Bei itashuka kidogo.