Madogo, kabla hamjafungua nozeli za mtu

Juzi Jumamosi nimetoka kidogo kufuata spea Majengo, hapahapa Dodoma, hata saa nzima haijaisha, narudi gereji nakuta madogo wawili wameshang'oa nozeli zote nne zinazopuliza petroli kwenye injini ya Vitz ya dada mmoja anayekaa Kisasa, wamezipanga juu ya gazeti kama dagaa wa kukaanga. Nauliza kulikoni, naambiwa "bro, gari inakula mafuta." Inakula kiasi gani? Kimya. Mmeizungusha kwanza mtaani? Kimya. Nikachukua jeki, nikainua mbele kushoto, nikashika tairi kuizungusha kwa mkono, ikagoma. Kalipa, ile inayobana brekipedi, imeng'ang'ania, pini zimekauka, vumbi la huku kwetu limejaa humo mpaka limekuwa kama udongo wa kufinyangia, yani yule dada anatembea na breki siku zote na nyie mnamuoshea nozeli.

Nilitaka kufoka nikakumbuka madudu yangu mwenyewe, nikanyamaza. Afadhali nyie hamjachukua hela ya mtu. Sasa naandika hapa ili niyaseme mara moja, nisiwe narudia kila kiangazi.

1. Pimeni. Mteja akisema "inakula mafuta" hajakwambia kitu bado. EWURA wakitangaza bei ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, Alhamisi nusu ya mji gari zao zinakula mafuta. Mwambie ajaze mpaka pampu ijikate yenyewe, arudishe trip sifuri, atembee walau kilomita 200, arudi sheli ileile pampu ileile ajaze tena mpaka ijikate, afu gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Mshale wa dashibodi siyo kipimo, na "elfu ishirini ilikuwa inanifikisha Ijumaa" siyo kipimo. Kuna bwana mmoja alinisumbua wiki mbili na Passo yake, kwamba mafuta ya siku tatu sasa ni ya siku moja na nusu, nimekagua kila kitu mpaka nikaanza kuhisi labda kuna mtu anamnyonyea tenki usiku. Kumbe ofisi yao imehamia Mtumba. Zamani alikuwa anatoka Area C anaenda mjini, karibu angetembea kwa miguu. Nikamwambia mzee, gari haina shida, shida ni serikali kuhamia Dodoma, tukacheka wote ila hela ya ukaguzi hakulipa.

2. Vya bure vianze. Upepo wa tairi kwa kufuata kile kibandiko cha mlangoni upande wa dereva, siyo alichokariri kijana wa pancha. Jeki kila tairi, zungusha. Fungua buti, mkikuta magunia mawili ya uwele na kreti za zabibu za tangu msimu uliopita mmeshapata jibu la kwanza. Na angalieni dashibodi jamani, kama taa ya O/D OFF inawaka, yani gia ya mwisho imefungwa, bonyezeni kile kitufe cha kwenye gia, maana kuna mama ameenda Singida na kurudi na gia ya tatu injini inalia njia nzima, anadhani gari imezeeka.

3. Ulizeni mkono wa mwisho kuigusa hiyo gari ulikuwa wa nani. Hapa ndo penye kidonda changu, kaeni vizuri.

Mwaka wangu wa pili nikijitegemea, Nkuhungu, chini ya mwarobaini, boksi la spana na kiburi, kikubwa kilikuwa kiburi. Mwezi wa kumi, joto lile mnalolijua la kusubiri mvua, akaja mwalimu mmoja mtu mzima na IST yake ya 2003, injini 1NZ. Shikamoo mwalimu, marahaba fundi, gari inachemsha. Nikafanya nilichofundishwa na fundi wangu, naye alifundishwa na wake, kwamba nchi ya joto themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ya nini, hiyo ni ya wazungu na barafu zao. Nikaitoa. Nikajaza maji ya bomba, nikamuwashia, mshale ukakaa chini umetulia kama mtoto aliyeshiba. Mwalimu akanishukuru kwa mikono miwili, akalipa, akaondoka.

Mwezi wa sita karudi. "Fundi, gari inakula mafuta." Sikuuliza kitu. Nikamuuzia plagi nne. Baada ya wiki mbili karudi, bado. Nikamuuzia sensa ya oksijeni, used, imetoka Dar, nikamwambia hii ndo mchawi mwenyewe. Karudi. Nikaosha nozeli, nikasafisha throtol, nikamlaumu na mwenye sheli juu, nikasema mwalimu hayo mafuta yamechakachuliwa, na vinasaba, ile alama ya kukamata mafuta yaliyochakachuliwa, viliwekwa kwenye mafuta tangu 2010 huko ila mimi nilikuwa bado nakula na neno hilo. Na kila akija anasalimia vizuri, analipa, haombi hata kupunguziwa. Hiyo ndo inaniuma mpaka leo, angekuwa mbishi ningeshtuka mapema.

Mara ya nne hakuja na gari tu, alikuja na kaunta buku. Mwalimu wa hisabati, huyo. Tangu anunue gari anaandika kila anapojaza: tarehe, lita, kilomita, na pembeni ameshagawanya. 14.1. 13.8. 14.0. Kurasa na kurasa, hizohizo. Afu katikati ya ukurasa kuna mstari umepigwa kwa rula, peni nyekundu, na maandishi: "20/10. Fundi katoa themostati." Chini ya mstari, 12.5. 12.2. Kufika mwezi wa sita, kipupwe kimeingia na upepo wake, 11.0, 10.9. Hakusema neno. Aliweka kidole kwenye ule mstari akaniangalia vile walimu wanavyomwangalia mtoto ambaye jibu lilikuwa ubaoni muda wote.

Nikaazima mashine ya kusoma kompyuta ya gari kwa jirani tukatoka nayo alfajiri kuelekea Ihumwa, spidi 80, nasoma joto la maji: nyuzi 58. Taa ya cheki injini haijawahi kuwaka, mshale kwenye dashibodi unaonekana kawaida tu kwa mtu asiye na haja ya kuangalia. Sasa nyie mnajua kontroboksi, kompyuta ya injini, inavyofikiri. Ikiona maji ya baridi inadhani gari ndo imeamka, inaongeza petroli kama mtu anayewasha jiko la kuni mbichi, na gia ya mwisho nayo inacheleweshwa mpaka injini ipate moto. Hiyo injini haikupata moto miezi minane. Oili inakuwa nzito, nilipofungua kifuniko cha juu nikakuta ute wa rangi ya maziwa. Nilimpa mwalimu gari yenye homa ya baridi, afu nikawa namuuzia panadoli.

Na kile kilichokuwa kinaichemsha mwanzo? Rejeta. Nyie mnayajua maji yetu, birika la chai linaota ukoko mweupe ndani ya mwezi, sasa alikuwa anajaziwa hayohayo kwenye rejeta miaka, matundu yameziba, na mimi nikaja nikamuongezea mengine. Themostati yake ilikuwa bado kwenye kopo langu la bolti. Nikaitumbukiza kwenye sufuria na kipimajoto nikawasha jiko, ikakaa kimya, kimya, kufika 82 hivi ikaanza kufunguka, namba ileile iliyogongwa pale pembeni. Nzima kabisa. Nilisimama pale na sufuria la mke wangu nikijisikia mpumbavu wa mkoa mzima.

Nikaweka rejeta nyingine, kulanti ya kweli, themostati yake mwenyewe na gasketi mpya, bure. Hela za plagi na sensa nilimrudishia kidogokidogo, ilichukua miezi mitatu. Wiki mbili baadaye kanitumia meseji: "13.9. Jitahidi zaidi." Kama ripoti ya muhula. Bado ninayo.

Kwa hiyo mkiniona nashika bomba la juu la rejeta kabla sijafungua boneti vizuri msinicheke. Gari imetembea nusu saa na bado bomba ni vuguvugu, achaneni na plagi. Na mteja akisema "fundi mmoja aliitoa," mpigieni simu huyo fundi, msimtukane, anaweza kuwa mimi.

4. Plagi za 1NZ gepu, ile nafasi ya kurukia cheche, ni milimita 1.1, na iridiamu haigongwigongwi.

5. Filta ya hewa badilisheni kwa sababu ya vumbi, linaua injini, lakini msimuahidi mtu kwamba mafuta yatapungua. Hizi gari zinapima hewa kabla ya kumwaga petroli, filta ikiziba gari inakosa nguvu zaidi kuliko inavyokula. Ilikuwa kwenye kabureta hiyo. Sensa ya hewa yenyewe isafishwe na dawa yake, siyo ya kabureta, siyo kitambaa, na nimewahi kumkuta mtu anaitemea mate, simtaji, anasoma hapa.

6. Masega, yale ya kwenye ekzosi yanayosafisha moshi. Kila mwezi anakuja mtu kaambiwa kijiweni akitoa masega gari itapunguza kula. Anayetaka kuyatoa aende kwa aliyemwambia. Yakiziba kweli gari inakosa pumzi na inakula, sawa, ila muulizeni nani kayaziba: koili inayomiss kimyakimya, plagi hairushi cheche, petroli mbichi inaenda kuungulia humo. Ukitoa masega ukaacha koili umefanya kazi ya yule fundi wa mwarobaini.

Ilikuwa iwe kumi lakini dada wa Vitz kashapiga simu mara mbili. Pini za kalipa nimezisafisha, grisi iko kwenye kopo la njano, brekipedi mpya ziko juu ya kiti, sijafunga, nawasubiri nyie mfunge na mimi nikiwa nimekaa naangalia. Na yule aliyemwaga oringi za nozeli na lile gazeti kwenye pipa, akaanze kupekua sasa hivi kabla gari la taka halijapita.