Kumtambua aliyejizuia kucheza kamari bila kuanika jina lake

Swali: Mimi ni mtayarishaji wa programu, Mombasa. Tunabuni mfumo ambao mtu akijizuia (yaani akiomba mwenyewe asiruhusiwe kucheza) katika kampuni moja ya kubashiri mtandaoni, kampuni nyingine zote zimkatae pia. Mwenzangu anapendekeza kampuni zigawiwe orodha ya nambari za simu zilizogeuzwa kwa heshi, yaani hesabu inayoifanya kila nambari kuwa msimbo usioweza kurudishwa moja kwa moja. Je, siri za watu hao zitakuwa salama?

Jibu: La, ndugu yangu, hazitakuwa salama. Nambari za simu za mkononi nchini Kenya huanza kwa 07 au 01 na kufuatwa na tarakimu nane, kwa hivyo haziwezi kuzidi milioni 200. Kompyuta ya kawaida inaweza kuzigeuza zote kwa heshi ile ile katika dakika chache, kisha ikalinganisha matokeo na orodha yenu na kumfichua kila aliyejizuia. Orodha ya watu waliolemewa na kamari hutamaniwa na watuma matangazo ya bonasi na wakopeshaji wa riba kubwa, na ikishavuja hairudi.

Orodha ibaki mahali pamoja, mikononi mwa msimamizi asiyefaidika na kamari. Kampuni imuulizie mteja mmoja tu, yule anayetaka kucheza wakati huo, ijibiwe ndiyo au hapana, na maswali yake yawekewe kikomo ili isiweze kuulizia nchi nzima. Msimamizi naye, na hili husahaulika, asihifadhi kumbukumbu za nani aliulizwa na kampuni ipi, la sivyo atajikuta amekusanya daftari la wachezaji wote, jambo lisilopatana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Tumieni nambari ya kitambulisho, maana mtu mmoja huwa na laini mbili au tatu. Rejista za waliojizuia za Denmark (ROFUS, tangu 2012) na Uswidi (Spelpaus, tangu 2019) hutegemea nambari ya utambulisho ya kila mkazi. Nchini Uingereza, rejista ya GAMSTOP, ambayo kampuni zote za mtandaoni zenye leseni zililazimika kujiunga nayo mwaka 2020, hulinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na barua pepe, na anayebadilisha maelezo hayo huweza kupenya.

Ukaguzi usiishie kwenye usajili. Ufanywe mteja anapoingia, kabla ya kumtumia ujumbe wowote wa matangazo, na hasa kila anapoweka pesa, kwa kuwa hapo ndipo madhara hutokea.

Tovuti zisizo na leseni hazitauliza chochote. Kwa hizo, kinga iliyobaki ni njia ya malipo. Benki za Monzo na Starling za Uingereza zilianza mwaka 2018 kumruhusu mteja afunge malipo yote ya kamari kwenye kadi yake, na Monzo humsubirisha angalau saa 48 akitaka kuyafungua. Huduma za pesa kwa simu zinaweza kufanya vivyo hivyo kwa nambari za malipo za kampuni za kubashiri, na kwa kuwa kizuizi hicho hakihitaji kampuni yoyote ya kamari kumjua mteja, ningekijenga kwanza, hata kabla ya rejista.