Daktari, na wewe unapima presha?

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 51, ni dereva wa lori la Mombasa–Malaba. Mara ya mwisho kupimwa presha ni siku aliyokwenda kutoa damu, kabla ya korona. Nikimwambia aende zahanati ananijibu haumwi popote, na kwamba madaktari wenyewe hawafuati wanayotuhubiria. Nataka kujua, korona ilikufunza nini juu ya afya yako mwenyewe? Si ya wagonjwa, yako.
– Mama Watatu, Likoni

JIBU: Marahaba, Mama Watatu. Mumeo kasema kweli, na shahidi wake wa kwanza ni mimi.

Korona ilipoingia Kenya, Machi 2020, nilikuwa na miaka 49. Kutwa nawafunga watu mkanda wa mashine ya presha, mkono wangu mwenyewe sikumbuki mara ya mwisho. Zamu za usiku nilizivusha kwa chai ya maziwa, vijiko vinne vya sukari, na mahamri ya mama mmoja aliyeuza nje ya geti. Kafyu ilipomzuia kuja, tukahamia biskuti. Nyumbani nako tulisugua pakiti za unga kwa sabuni, huku madirisha tumeyafunga ndi, wakati virusi vyenyewe husafiri zaidi kwenye hewa tunayovuta pamoja. Hilo nalicheka hadi leo.

Nikaugua Novemba, katika wimbi la pili. Siku ya kwanza kichwa na mgongo. Ya tatu nikanywa chai, nikamuuliza mke wangu kwa nini leo kaibania iliki. Akanitazama tu. Siku ya nane nimejilaza, naongea na kaka yangu kwa simu, nacheka, pumzi hainibani, nikakitia kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. 87. Mtu mwenye mapafu mazima hupata 95 kwenda juu. Nikakivua, nikakifuta, nikajaribu kidole kingine: 86. Wagonjwa wangapi nilishawaeleza kwamba ugonjwa huu huweza kushusha oksijeni kimyakimya, mtu asihisi kitu! Zamu yangu ilipofika nikalaumu betri.

Wodini nikakutwa na presha 172 kwa 106. Nikaanzishiwa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa mapafu, sukari ikapanda hadi 15, nikawaambia wenzangu ni dawa hiyo. Kweli huipandisha. Hoja hiyo niliing'ang'ania hadi Aprili, dawa nimeiacha kitambo, nilipopima sukari ile ya wastani wa miezi mitatu. Kwa kipimo hicho kisukari huanzia asilimia 6.5, mimi nilikuwa 7.4. Korona haikuniletea presha wala kisukari, naamini nilikuwa navyo miaka. Na ndivyo hivyo vinavyoifanya korona iwe kali zaidi kwa mtu.

Ila kilichonikaa moyoni ni usiku wa tatu pale wodini. Nimelala chali, mirija ya oksijeni puani, akaja muuguzi kijana niliyemfundisha mwenyewe. "Daktari, geuka." Nikamwambia nimechoka. "Geuka, lala kifudifudi." Nikageuka kwa kisirani kama mtoto. Sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongo. Ukilala chali hubanwa na uzito wa moyo na tumbo, ukigeuka hufunguka. Baada ya nusu saa hivi namba ilitoka 90 ikafika 94. Somo lile nililifundisha mimi, na bado ilibidi nibembelezwe.

Basi nilichobadili ni hiki. Nina mashine ya presha na daftari la shule, na kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, nakaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuikunja, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Napima mara mbili, naandika zote mbili, hata zile za aibu. Vidonge nameza, na sivikatizi presha ikishuka, maana imeshuka kwa sababu navimeza. Jioni natembea hadi kwenye mibuyu ya Mama Ngina, kule ufukweni Mombasa, na kurudi. Wiki zingine sitembei, sitakudanganya. Chanjo nilichoma Machi 2021 zilipofika, usiku ule nikatetemeka kwa homa, kesho yake nikaenda kazini. Chai sasa haina sukari. Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa kama kunywa maji ya kuoshea sufuria.

Mumeo ana umri wa hatari, anakaa kitini kutwa, analala vipande vipande na kula chakula cha barabarani. Mpeleke apimwe presha na sukari. Presha ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, arudie siku nyingine kabla ya kuambiwa ana ugonjwa. Ikifika 180 kwa 120, na kifua kinauma au anaona ukungu, asingoje kesho.

Kuhusu kutoumwa popote, mkumbushe foleni za malori pale mpakani Malaba mwaka 2020. Madereva walipanga siku nzima, wengine zaidi, wapimwe korona, na wengi wao hawakuwa wakiumwa popote. Presha ni dakika kumi, na zahanati haina foleni ya malori.