Mtu wa Pwani Akitaka Barafu, Anunue Siku Kwanza

Nilipomwambia mama kwamba hela ya korosho ya msimu ule naipeleka Kilimanjaro nikaione barafu, alinitazama weee. "Mwanangu, barafu si ipo feri? Kila asubuhi wanaiponda ya kuwekea samaki." Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Ila vijana wenzangu wa Mtwara Kuchele mnaoniuliza mjiandaeje, nisikilizeni.

Sisi tumezaliwa usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kipo mita 5,895, na huko pumzi moja inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoivuta ukiwa Shangani. Mazoezi nilifanya: naenda Newala, nashuka ule mteremko wa Shimo la Mungu na kupanda tena na begi mgongoni. Miguu ikakaza kweli. Mapafu je? Newala yenyewe haifiki hata mita 1,000, kwa hiyo hayakujifunza kitu.

Mara ya kwanza nilichukua siku tano, njia ya Marangu, kwa kuwa ndiyo niliyoimudu. Nilifika kambi ya Kibo, kama mita 4,700, nikatapika mpaka nyongo. Nikateremshwa. Mara ya pili nililipia siku saba, njia ya Machame. Kule wanakupandisha hadi Lava Tower, mita 4,600 hivi, unakula chakula cha mchana huku kichwa kinagonga, halafu wanakushusha ukalale Barranco, kwenye 3,900. Inaudhi kuteremka ulichokipanda kwa jasho, lakini dawa ndiyo hiyo: mwili unazoea hewa nyepesi kidogo kidogo. Jaketi na buti utakodi Moshi. Siku hazikodishwi.

Kitambulisho cha taifa usikisahau, maana Mtanzania halipi kiingilio cha mgeni. Jinzi iache nyumbani: ikilowa haikauki, na baridi inaingia hadi mfupani. Simu ilale nawe ndani ya nguo, la sivyo chaji inakufa kabla hujapiga picha hata moja. Chupa ya maji igeuze kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda juu. Asubuhi kizibo kitafunguka.

Kutoka Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, kwenda Uhuru, barafu ipo kushoto. Siyo ya feri hii: ni ukuta, una rangi ya samawati kwa mbali na mistari ya vumbi la miaka na miaka. Nilitaka kuusogelea, kiongozi akanishika begi. Vipande huanguka bila hodi, na kutembea juu yake kunataka vyuma vya meno chini ya buti, ambavyo sikuwa navyo. Nikatosheka na theluji iliyoganda njiani: unakanyaga kwa unyayo mzima, ukishuka unatanguliza kisigino. Na miwani ya jua usiivue hata kwa picha.

Kama una nia, usiweke mwakani na mwakani. Katika barafu iliyokuwepo 1912, asilimia 85 ilikuwa imeshatoweka kufikia 2007.

Mama nilimwonyesha picha. Akauliza kama wanauza.