Mkahawa Lamu: kupeana mkono au mkataba wa miaka 5 na miezi 3?

SWALI: Assalamu alaykum. Nina azma ya kufungua mkahawa wa vyakula vya Kiswahili hapa Lamu, na nimeonyeshwa majengo mawili. La kwanza liko Langoni na ni la mzee aliyesuhubiana na marehemu babangu. Hataki karatasi, anasema tupeane mkono nami nimlipe shilingi 25,000 kila mwezi. La pili liko upande wa pwani, na mwenyewe ameniletea mkataba wa miaka 5 na miezi 3, kodi ikianzia 30,000 na kupanda kwa asilimia 10 kila mwaka. Jamaa zangu wote wanasema lenye karatasi ndilo salama. Nichukue lipi?
Mama Watatu, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Jamaa zako hawakukosea kupenda maandishi, lakini kwa majengo ya biashara sheria ya Kenya imelipanga jambo hili kinyume na wanavyodhani, na ni muhimu ulielewe kabla hujatoa amana yoyote.

Sheria ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, yaani Sura ya 301, inamlinda mpangaji ambaye upangaji wake haukuandikwa kabisa, au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, au unazidi lakini una kifungu cha kuuvunja ndani ya miaka 5 kwa sababu isiyokuwa kukiuka masharti. Upangaji wa namna hiyo hauvunjwi, wala kodi yake haipandishwi, kwa kauli ya mwenye jengo peke yake. Ni lazima atoe ilani kwa fomu maalumu, ya miezi isiyopungua 2, na akitaka kukuondoa ataje sababu inayotambuliwa na sheria hiyo, kama vile wewe kuchelewesha kodi mara kwa mara au yeye kutaka kulitumia jengo mwenyewe. Ukiwa hukubali, unamjibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1, na kabla ya siku ya ilani kuanza unalifikisha shauri mbele ya jopo la mizozo ya kodi za majengo ya biashara. Ukishafanya hivyo, ilani haina nguvu mpaka jopo liamue.

Kwa hiyo ile miezi 3 iliyoongezwa juu ya miaka 5 haikuwekwa bure: inautoa mkataba nje ya ulinzi huo. Si hila, ni haki ya mwenye jengo, ila utabaki na yale tu yaliyoandikwa humo, na hapo ndipo ninapokuhofia. Asilimia 10 hupanda juu ya kodi iliyokwisha kupanda, kwa hiyo 30,000 ya leo itakuwa 43,923 katika mwaka wa tano na 48,315 katika miezi 3 ya mwisho, nawe unajua jinsi wageni wanavyopungua masika yakiingia. Mkataba ukikunyima nafasi ya kutoka mapema, utadaiwa hata mkahawa ukifungwa. Aidha, mkataba unaozidi miaka 2 unapaswa kusajiliwa katika ofisi ya ardhi, la sivyo mtu atakayelinunua jengo anaweza kukataa kuutambua. Na ukizidi miaka 3 hulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 2 ya kodi ya mwaka. Uliza pia kama mwenyewe amesajiliwa kutoza ushuru wa thamani ya ziada, kwa sababu jengo la biashara, tofauti na nyumba ya kuishi, huongezwa asilimia 16 juu ya kodi.

Mimi ningelichukua la Langoni, lakini si kwa kupeana mkono tu. Jambo la kwanza ni kujua jengo ni la nani hasa, kwa kuwa nyumba nyingi za mji wetu ni za urithi au za wakfu, na huenda mzee ni mmoja wa warithi kadhaa. Akiwa na ndugu, waweke saini wote. Kisha umwombe, kwa heshima anayostahili rafiki wa babako, akubali mkataba mfupi wa miaka 2 usio na haki ya kuurefusha: hauhitaji kusajiliwa, unabaki chini ya ulinzi wa Sura ya 301, na mzee akitangulia mbele ya haki warithi watakukuta mpangaji yule yule. Akishikilia kutoandika, bado sheria iko nawe. Mlipe kwa benki au kwa simu na uzitunze risiti, maana upangaji usioandikwa huthibitishwa na ushahidi wa malipo.

Katika mkataba huo muandike nani atakarabati nini. Kuta za matumbawe hunyonya unyevu, chokaa hubanduka na boriti huoza, na paa la nyumba ya zamani linaweza kumaliza mtaji wa mkahawa wote. Matengenezo ya paa na kuta yawe ya mwenye jengo, yako yawe ya ndani.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, nenda kwenye ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale uulize juu ya bomba la moshi la jiko lako. Tangu mwaka 2001 mji huu ni urithi wa dunia, na kutoboa ukuta au kubadilisha sura ya mbele ya nyumba kunahitaji idhini. Jengo lisiloruhusiwa jiko halikufai, kodi yake iwe ndogo kiasi gani, na jibu hilo unaweza kulipata kabla hujamlipa mtu yeyote.