Safari ya Serengeti mwezi wa Aprili: nendeni, ila ulizeni haya kwanza

Dada, nimekuelewa: loji ya kifahari Serengeti imewashushia bei mwezi wa Aprili, nawe unahofu mvua itawaharibia sherehe ya ndoa yenu. Nendeni. Ni masika kweli, lakini mara nyingi mvua hupiga alasiri au usiku; asubuhi nyika inakuwa ya kijani, na magari ni machache mno. Mimi na mume wangu tulimtazama chui juu ya mti peke yetu, na bado nafurahi nikikumbuka.

Shida kubwa ni barabara. Ule udongo mweusi ukilowa hunata kama gundi; sisi tulikwama zaidi ya saa mbili. Kabla ya kulipa, uliza kama gari linavuta kwa magurudumu yote manne na kama loji iko wazi tarehe zenu, maana kambi nyingine hufungwa Aprili na Mei. Mkienda kwa ndege ndogo, bebeni mabegi laini, kwa kawaida yasizidi kilo 15, na acheni siku nzima kabla ya ndege ya kurudi nyumbani. Hifadhi ya Tarangire msiiweke kwenye safari hii, maana wakati wa mvua wanyama wake hutawanyika.

Malaria huzidi masika: muoneni daktari mapema, hasa kama una ujauzito.