Maswali na Majibu: Mbio za boti za baharini, enzi za mjomba na enzi zetu

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi mitambo hapa Arusha. Mjomba wangu wa Tanga, ambaye ujanani alikuwa baharia wa meli za mizigo, husimulia kwamba huko Ulaya alizoea kuona boti za mbio zikiondoka mji mmoja kwenda mwingine, manahodha wakiwa wamesimama wima na kulowa chepechepe. Mimi kwenye simu naona boti zilizofunikwa kama ndege za kivita zikizunguka maboya karibu na ufuko. Je, ni mchezo uleule? Kiufundi kimebadilika nini hasa, na kwa nini boti moja iendeshwe na watu wawili? Mjomba pia anataka kuunda boti mpya ya uvuvi, na ameniuliza kama aipe tumbo la V kama zile za mbio.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjomba wako amesema kweli, na wewe pia umeona kweli. Ni mchezo mmoja, ila zamani mpinzani wa boti alikuwa bahari yenyewe, na aliyefika salama alikuwa tayari amewaacha wengi njiani, ilhali siku hizi bahari imegeuzwa uwanja na mpinzani ni boti iliyo ubavuni. Mabadiliko karibu yote uliyoyaona yanatokana na hilo. Wengi wanaoniuliza habari hizi huanza na injini. Mimi nitaanza na tumbo la boti, kwa sababu injini yenye nguvu ilipatikana mapema, lakini tumbo la kuistahimili lilichelewa.

Mashindano yaliyoupa mchezo huu sura ya kisasa yalifanyika mwaka 1956, kutoka Miami, Marekani, hadi Nassau katika visiwa vya Bahamas, umbali wa takriban kilomita 300. Mshindi, Sam Griffith, alitumia zaidi ya saa 9. Ukipiga hesabu utaona kwamba mwendo wake wa wastani haufikii ule wa daladala inayotoka Moshi mjini kwenda Himo. Hakukosa nguvu ya injini. Mawimbi ndiyo yaliyomzuia. Boti za wakati ule zilichongoka mbele, kisha tumbo likawa bapa kadiri lilivyorudi nyuma. Tumbo bapa lina sifa yake, kwani hupanda juu ya maji upesi bila kudai nguvu nyingi, lakini likianguka kutoka mgongoni mwa wimbi hupiga maji kama kofi, na kofi likirudiwa kwa saa nzima hufungua viungo vya mbao na kuvunja migongo ya watu.

Aliyelitatua tatizo hilo ni mbunifu Mmarekani aitwaye Ray Hunt. Badala ya kuiacha V ififie kuelekea nyuma, aliiendeleza mpaka kwenye ubao wa mwisho unaobeba injini, pembe yake ikiwa takriban digrii 24 kila upande, kisha akabandika chini ya tumbo vipande vyembamba vinavyokwenda kwa urefu wa boti ili visaidie kuinua na kuyatupa maji pembeni. Mwaka 1958 Richard Bertram, mfanyabiashara wa boti, alikiona huko Newport, Marekani, kiboti kidogo cha Hunt kikikata mawimbi bila kupunguza mwendo, naye akaagiza kikubwa chake, cha mbao, chenye urefu wa takriban mita 9, akakiita Moppie. Mwaka 1960 alikwenda nacho Miami siku ambayo bahari ilikuwa imechafuka vibaya, akafika Nassau kwa saa 8. Boti ya pili nayo ilikuwa na tumbo la Hunt. Ya tatu iliingia siku iliyofuata. Baada ya hapo hakukuwa na mabishano tena, na umbo la Moppie likawa msingi wa boti za faiba zilizouzwa kwa watu wa kawaida.

Hicho ndicho kipindi cha mjomba wako. Mwaka 1961 Sir Max Aitken alianzisha mashindano ya Cowes hadi Torquay, kusini mwa Uingereza, na Tommy Sopwith akawa mshindi wa kwanza kwa boti iliyoitwa Thunderbolt. Nahodha wa siku zile alisimama kwa sababu ya kiufundi: magoti yaliyokunjwa kidogo yalikuwa ndiyo shokamzoba yake, na mgongoni alikuwa na mto mnene wa kuegemea. Pembeni yake alikuwapo msoma dira, mwenye ramani ya karatasi iliyolowa na dira iliyokuwa ikirukaruka kiasi kwamba kuisoma kulikuwa ufundi unaojitegemea. Aliyekosea njia kwa digrii chache aliweza kupoteza ushindi hata kama boti yake ilikuwa na kasi kuliko zote. Leo kazi hiyo inafanywa na GPS, na sina zaidi la kusema juu yake.

Mwaka 1969 yalifanyika mashindano ya kuizunguka Uingereza nzima, zaidi ya kilomita 2,000, kwa hatua za siku kadhaa. Mshindi alikuwa Timo Mäkinen wa Finland, dereva wa magari ambaye tayari alikuwa ameshinda mbio za Monte Carlo mwaka 1965. Sishangai. Wazee wa huku kwetu wanaoikumbuka Safari Rally ya zamani, ile iliyoanza mwaka 1953 na kuvuka Kenya, Uganda na Tanganyika, watanielewa: gari liliondoka na likakutana na lolote lililokuwa barabarani, tope, ng'ombe au daraja lililozolewa na mto, na dereva mwenye kulihurumia gari ndiye aliyefika. Safari Rally iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 inakimbiwa kwa vipande vilivyopimwa na kufungwa, helikopta zikiwa juu. Mbio za boti zimepita njia hiyohiyo.

Sababu ni kasi. Bahari ya wazi haifungwi kama barabara. Agosti 1987, karibu na kisiwa cha Wight, Didier Pironi, aliyewahi kuwa dereva wa Ferrari katika Formula 1, aliingia kwa kasi kubwa katika wimbi lililoachwa na meli ya mafuta iliyokuwa ikijipitia zake. Boti ilipinduka, yeye na wenzake wawili wakafariki. Kwenye mzunguko mfupi karibu na pwani meli huzuiwa, waokoaji hufika kwa muda mfupi, na watazamaji pamoja na televisheni huona kila kitu. Hata hivyo sidhani kwamba usalama peke yake ndio uliozileta boti pwani. Mfadhili anayelipia rangi ya boti hataki iangaliwe na samaki tu.

Boti ilipohamia kwenye maji yenye mawimbi madogo, umbo la Hunt halikuwa tena la lazima, na hapo ikaja katamarani, boti yenye matumbo mawili membamba na uwazi katikati. Usiifananishe na ngalawa. Matengo ya ngalawa yapo ili chombo kisipinduke, ilhali uwazi wa katamarani ya mbio upo ili kunasa upepo: hewa inayoingia mbele hubanwa katikati na kuiinua boti, hivyo sehemu ndogo tu ya tumbo hubaki ikigusa maji. Maji ni mazito mara mamia kuliko hewa, kwa hiyo kila sentimita ya tumbo inayotoka majini ni nguvu iliyookolewa. Propela nazo hufungwa juu kiasi kwamba mabapa yake hukata maji kwa nusu ya mzunguko na nusu nyingine hupita hewani. Boti za daraja la juu kabisa za leo zina uzito unaokaribia tani 5, injini mbili za V8 za nguvu farasi 1,100 kila moja, na huvuka kilomita 250 kwa saa.

Tatizo ni kwamba nguvu ya hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi: ukiongeza mwendo maradufu, inakuinua mara nne. Pua ikinyanyuka kupita kiasi, ule uwazi hugeuka bawa na boti hupinduka kinyumenyume. Kwa hiyo nakuja kwenye swali lako la watu wawili.

Mmoja hushika usukani, mwenzake hushika vishikio vya mafuta na kurekebisha mwinamo wa boti. Ili uelewe kwa nini kazi hii inamtosha mtu mzima, nitakupa mfano wa bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako mimi hwenda mara kwa mara kurekebisha injini za wavuvi. Mchana upepo wa nyanda unapoanza, mawimbi mafupi huinuka, na boti nyepesi yenye injini ya nguvu farasi 15 huanza kurukaruka. Nyuma ikinyanyuka, propela hutoka majini, mzigo unaondoka ghafla, na injini hupiga kelele kali. Ikirudi majini hukutana na mzigo wote kwa mkupuo mmoja. Mvuvi mzoefu hulegeza mkono kabla propela haijatoka na kuukaza inapozama, bila hata kukatisha mazungumzo. Mimi, katika safari zangu za kwanza, nilishikilia mkono pale pale kwa sababu nilikuwa naangalia ninakokwenda, na kabla hatujafika ng'ambo bushi ya mpira iliyo ndani ya propela ilikuwa imeachia na injini inazunguka bure. Nilivutwa kwa kamba mbele ya wateja wangu.

Sasa zidisha hilo kwa nguvu farasi 2,200 na kasi ya ndege ndogo inayoruka. Mshika mafuta hasikilizi injini ili apunguze baada ya kelele, kwani kwa kasi hiyo gia zitakuwa zimekwisha vunjika. Husoma wimbi linalokuja, akakata kabla boti haijaruka na kufungua inapotua, huku akihakikisha pua haipandi. Mwenzake hutazama maboya na wapinzani. Wanasemezana kwa redio ya ndani ya kofia, lakini hufikia mahali wakaelewana bila neno. Zamani kazi hizi ziligawanywa pia, mara nyingi kati ya watatu. Aliyeondoka ni msoma dira. Na usidhani ni kazi ya misuli: Betty Cook, mama wa Kimarekani, alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1977 na akaurudia mwaka 1979.

Kile kifuniko kama cha ndege kimekuja kwa gharama kubwa ya maisha. Imani ya zamani ilikuwa kwamba boti ikipinduka, heri mtu arushwe mbali nayo. Imani hiyo ilifaa kwa mwendo wa enzi za Griffith. Kwa mwendo wa leo maji humpokea mtu kama sakafu. Tarehe 3 Oktoba 1990 Stefano Casiraghi, bingwa wa dunia aliyekuwa akitetea taji lake, alifariki boti yake ilipopinduka karibu na Monaco, na baada ya hapo vyumba vilivyofungwa na mikanda ya usalama vikawa lazima. Kufungiwa nako kuna hatari yake, kwa sababu mtu aliyefungwa mkanda katika boti iliyolala kichwa chini huweza kuzama akiwa mzima kabisa. Ndiyo maana wanakuwa na hewa ya akiba, mlango wa dharura hufunguka kupitia chini ya boti, na kabla ya kupewa ruhusa ya kushindana hutumbukizwa bwawani ndani ya chumba cha majaribio, kikapinduliwa, na kutakiwa kujifungua na kutoka. Hata hivyo vifo havijaisha; Desemba 2009 wanamichezo wawili wa timu moja walifariki Dubai wakiwa ndani ya boti ya namna hiyohiyo.

Kuhusu vifaa, mbao ziliiachia nafasi faiba, na faiba ikaongezewa nyuzi za Kevla na kaboni. Tangu Februari 2024 kuna pia mashindano ya boti za umeme, yaliyoanzia Jeddah, ambapo boti husimama juu ya mabawa yaliyo chini ya maji na tumbo zima likatoka nje; Didier Drogba ana timu yake huko. Lakini betri haziruhusu kwenda mbali, kwa hiyo hizo ni mbio za mbele ya mji, wala si za bahari kuu.

Nabaki na mjomba wako. Mwambie asiige V ya digrii 24. Umbo hilo hudai nguvu nyingi ili lipande juu ya maji, huchimba kina kirefu zaidi, na boti ikisimama huyumba pale mvuvi anapoinama ubavuni kuvuta nyavu. Kwa injini ndogo atakuwa analipia mafuta ya mashindano ili kuvua dagaa. Mwambie fundi wake achonge mbele kwa ukali ili kukata wimbi, kisha V ilale taratibu mpaka ibaki ndogo, digrii 10 hivi, kwenye ubao wa nyuma. Injini ikifungwa, ile sahani bapa iliyo juu ya propela iwe sawa na mstari wa chini wa tumbo au chini yake kidogo sana. Ikiwa juu mno, propela itanyonya hewa kila kona, na bushi yake ya mpira itaachia upesi kuliko ilivyoachia yangu.